"Mtandao Unasumbua": Maneno Yanayomficha Mwenye Hitilafu

Mwezi Agosti mwaka jana, zikiwa zimebaki siku nne dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu lifungwe, binti wa marehemu kaka yangu alifika nyumbani kwangu hapa Kahama akitokea kijijini, mkononi ana bahasha ya vyeti. Alikuja kwangu kwa sababu moja tu. Baba yake mdogo ni mwalimu wa chuo, ana kompyuta na ana intaneti ya nyumbani. Jioni ile tuliketi mbele ya mashine. Alama ya mawimbi ilionesha kwamba tumeunganishwa, tena vizuri. Tulipofungua ukurasa wa maombi, ukakataa. Tukafungua mwingine, nao ukakataa. Nikazima ruta na kuiwasha, nikazima kompyuta na kuiwasha. Ilipofika saa nne usiku nikamwambia, "Mwanangu, mtandao unasumbua. Tulale, kesho uamkie steshenari mjini."

Wasomaji wa siku nyingi wanajua ni mara ngapi nimeyalaani maneno hayo hapa. Nimeyasikia katika madirisha ya ofisi za umma, benki na hospitali. Usiku ule niliyatamka mimi mwenyewe, sebuleni kwangu, na niliyatamka kwa sababu ileile inayomfanya karani ayatamke: nilikuwa nimechoka, sikujua tatizo liko wapi, na nilitaka maswali yaishe.

Asubuhi binti akaenda mjini, akapanga foleni, akalipa, fomu ikatumwa. Aliporudi nikamwuliza nywila yake ili tuwe tunafuatilia maombi kutoka nyumbani. Akanijibu kwa utulivu kabisa kwamba kijana wa steshenari ndiye aliyemtengenezea, na kwamba ameiandika katika daftari lake la kaunta pamoja na za wengine, ili mtu akisahau akaulize. Nilikaa kimya. Katika daftari hilo moja, juu ya meza iliyo hatua mbili kutoka barabarani, zimelala namba za mitihani, za vitambulisho vya Taifa, za simu na nywila za vijana ambao hata hawajui kwamba nywila ni kitu cha kuficha. Simlaumu kijana yule, maana anawavusha watu mto ambao sisi wengine tumeshindwa kuwajengea daraja. Nilijilaumu mimi. Nilikuwa na kila kifaa kilichohitajika, nikamtoa mtoto wangu nje kwa sababu sikujua kuuliza mashine maswali manne matano.

Jumamosi iliyofuata nikamwita jirani yangu. Ni fundi umeme, na kwa miaka mingi alifanya kazi katika mgodi wa Buzwagi, kilomita chache tu kutoka mjini kwetu, hadi ulipofungwa mwaka 2021. Siku hizi anatengeneza friji, redio, simu, chochote anacholetewa. Buzwagi ilipofungwa tulijadili sana ushuru wa huduma ambao halmashauri ingeukosa, tukajadili mashimo na uzio na viwanda vitakavyokuja. Sikumbuki kama tuliwahi kujadili maarifa yaliyotoka getini siku ile yakiwa ndani ya vichwa vya watu, yakatawanyika mitaani kwenda kutengeneza pasi. Hilo nitaliandikia siku nyingine.

Nilidhani fundi ataanza kubonyeza vitufe. Akaomba kiti, akaketi, akauliza. Tatizo lilianza lini? Kabla yake kulitokea nini? Ni mashine hii peke yake au vifaa vyote? Nikajibu kwa kujiamini kwamba ni kompyuta tu, kwa kuwa simu yangu iko kwenye mtandao huohuo wa nyumbani na inafungua kila kitu. Akaiomba simu, akazima bando lake, akaiacha itegemee ruta pekee, akanirudishia. Kurasa zikaanza kujikokota kama mkokoteni wenye mzigo wa mchele.

Ushahidi wangu ulikuwa wa uongo, nami sikuwa najua. Simu nyingi za leo, zikiona mawimbi ya nyumbani hayana intaneti ya maana, hugeukia bando la laini bila kumwambia mwenyewe. Wiki nzima nilikuwa natoa hukumu juu ya mtandao wa nyumbani huku nikila mfuko mwingine. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu niliwakumbuka wakubwa wetu wa ofisini. Mkuu wa idara mwenye bando lake nono na jenereta nyuma ya ofisi hawezi kuona kwamba huduma imekufa kwa mwananchi aliyesimama dirishani. Si kwamba ana roho mbaya. Kifaa chake humgeuzia njia kimyakimya, naye huandika katika taarifa ya robo mwaka kwamba mfumo unafanya kazi.

Hatua ya pili ilikuwa kuondoa hewa katika kesi. Fundi alichomeka waya kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta, akaeleza kwamba njia ya taarifa ina vipande. Kuna mashine yenyewe, kuna hewa kati ya mashine na ruta, kuna ruta, kuna safari ya kutoka ruta hadi mnara wa kampuni, na kuna dunia iliyo ng'ambo ya mnara. Ukisema mtandao unasumbua umevitaja vipande vyote kwa pamoja, maana yake hujataja hata kimoja. Akaiamuru kompyuta iigongee hodi ruta, ruta ikaitika. Akaiamuru igonge hodi kwa seva ya mbali kwa kutumia namba badala ya jina; nayo ikaitika, kwa kuchelewa kidogo. Njia ilikuwepo, basi. Hata hivyo ukurasa wa maombi uliendelea kukataa, ukitoa onyo kwamba muunganisho si salama.

Hapo akainua kidole na kunionesha kona ya chini ya kioo. Kompyuta yangu ilikuwa inaishi tarehe 1 Januari 2009.

Kompyuta ya mezani ina betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, inayoiwezesha saa yake kuendelea kutembea umeme unapokatika. Mashine yangu niliinunua ikiwa imetumika, betri ilikuwa imekufa, na mchana wa siku aliyofika binti umeme ulikuwa umekatika. Uliporudi, mashine ilianza kuhesabu upya kutoka tarehe iliyowekwa kiwandani. Sasa, kurasa zote zinazolinda siri za mtumiaji hubeba cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kumalizika. Kompyuta iliyo katika mwaka 2009 ikioneshwa cheti kilichotolewa mwaka 2025 hukiona ni cha kughushi, kwa kuwa siku yake haijafika, na hufunga mlango. Ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa. Fundi akarekebisha tarehe kwa mkono, na ukurasa ambao ulimpeleka binti steshenari ukafunguka. Betri mpya ilinigharimu fedha ambayo haifiki nauli niliyompa ya kwenda mjini na kurudi.

(Mwaka 2009, kwa wanaokumbuka, ndio mwaka Buzwagi ilipoanza kuzalisha dhahabu, na ndio mwaka waya wa kwanza wa chini ya bahari, wa SEACOM, ulipofika Dar es Salaam. Siku hizo tuliambiwa kwamba vyote viwili vitatubadilishia maisha. Kompyuta yangu bado ilikuwa inasubiri.)

Tulipoondoa waya na kurudi kwenye mawimbi, hitilafu ya pili ikajitokeza, ile iliyokuwa inakuja na kuondoka. Kompyuta ilisema imeunganishwa lakini haikuwa na anwani ya kweli. Kwa kawaida ruta humgawia kila anayeingia namba ya utambulisho. Kifaa kisipopewa namba hujitungia chake kinachoanza na 169.254, na ukiiona namba hiyo jua kwamba mashine inajisemea peke yake, hakuna anayeisikia. Tukafungua ukurasa wa ndani wa ruta unaoorodhesha vifaa vilivyomo. Ruta hizi ndogo za laini zina kikomo cha vifaa, na cha kwangu kilikuwa kimejaa. Wa nyumbani kwangu tulikuwa na vifaa vinne. Vingine vyote vilikuwa vya vijana wa vyumba vya kupanga vilivyo nyuma ya ukuta wangu, waliopewa neno la siri na mwanangu wa mwisho siku ya mechi ya watani wa jadi, wakalirithishana.

Niungame kwamba hasira ilinipanda, na kwamba mkono wangu ulikuwa tayari kuwafuta wote. Kisha nikatazama yale majina ya simu, nikawaza kwamba mmoja wao ni mwalimu wa shule ya msingi ambaye ninajua hukesha akijaza kazi zake katika PEPMIS, ule mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa mtumishi wa umma, kwa kuwa shuleni kwao hakuna intaneti na mfumo hautaki kujua. Serikali imemtaka ajaze, haikumpa pa kujazia, naye akapapata kwenye ukuta wangu. Fundi akanionesha kwamba ruta inaweza kufungua mlango wa wageni wenye neno lake na idadi yake, ukitengwa na wa wenyeji. Tukaufungua, nikaenda mwenyewe kuwapa neno jipya, tukakubaliana saa za mechi na saa za kazi. Pia tuliitoa ruta nyuma ya kabati la chuma ilikokuwa imefichwa wezi wasiione. Wezi hawakuiona, na kompyuta nayo haikuiona. Chuma huyazuia mawimbi na ukuta mnene wa tofali za kuchoma huyapunguza, na yale ya masafa ya juu, gigahezi 5, ambayo ndiyo yenye kasi, hushindwa mapema kuliko yale ya gigahezi 2.4.

Mpaka hapo hitilafu mbili zote zilikuwa zangu. Nasema hivi kwa makusudi, kwa sababu katika uandishi wetu wa harakati tuna tabia ya kufika kwenye kosa la mkubwa kabla hatujapita kwenye la kwetu. Lau ningeipigia kampuni usiku ule na kuwatukana, wangekuwa na haki ya kunicheka.

Lakini ilibaki ya tatu. Hata kwa waya, hata kompyuta ikiwa peke yake kwenye ruta, kila ifikapo saa mbili usiku kasi ilikuwa inaporomoka. Fundi hakuikubali hata kauli yangu hiyo. Alinipa daftari, akachora safu: tarehe, saa, kwa waya au kwa hewa, vifaa vingapi, imejibu nini, na mwishoni safu aliyoiita mhusika. Kwa siku saba, mimi na binti tulipakua faili lilelile mara nne kwa siku. Alfajiri lilishuka kabla chai haijachemka. Saa mbili usiku taarifa ya habari ilianza na kwisha likiwa bado njiani. Mnara mmoja hugawana uwezo wake kwa wote walio chini yake, kama bomba la mtaa, na Kahama, iliyopewa hadhi ya manispaa mwaka 2021, imeongezeka wapangaji, wafanyabiashara na simu janja bila, kwa jinsi tunavyoona sisi tulio chini ya mnara huu, bomba kupanuliwa.

Nikapiga simu ya huduma kwa wateja. Dada aliyepokea akaniambia kwa adabu, "Baba, zima ruta, subiri nusu dakika, kisha uwashe."

Ushauri huo si wa kipuuzi. Kuzima na kuwasha huifanya mashine iombe anwani upya, huisafishia kumbukumbu, na mara nyingi hali hutengemaa. Ubaya wake ni kwamba huondoa tatizo pamoja na ushahidi wake. Hujui lilikuwa nini, kwa hiyo hujui litarudi lini. Na sisi tumeifanya kuwa falsafa ya utawala. Ofisi ikilalamikiwa, mtumishi anahamishwa. Mradi ukikwama, inaundwa kamati mpya. Mfumo wa kielektroniki ukizomewa, unaletwa mwingine wenye jina jipya, na watumishi wanaitwa semina. Tunazima, tunasubiri nusu dakika, tunawasha.

Nilimsomea dada yule daftari langu, siku kwa siku, saa kwa saa. Alinyamaza kidogo, kisha sauti yake ikabadilika. Akaacha kunisomea karatasi yake, akaniuliza niko mtaa gani, akanihamishia kwa mtu mwingine, nikapewa namba ya malalamiko. Utaratibu wa nchi hii ni kwamba mlalamikaji huanza kwa mtoa huduma wake, na asiporidhika hupeleka shauri kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Milango ipo. Tatizo ni kwamba wengi wetu hufika mlangoni tukiwa na sentensi moja tu, mtandao unasumbua, na sentensi hiyo hurudishwa nyumbani siku hiyohiyo.

Najua pingamizi litakalokuja, na limekwisha kuja kutoka kwa mwanafunzi wangu mmoja niliyemsimulia: je, si kumwonea mwananchi kumtaka awe fundi ndipo asikilizwe? Analipa bando, ana haki ya huduma, basi. Nakubaliana naye katika haki. Wajibu wa kampuni haupungui kwa sababu mimi sijui kusoma orodha ya vifaa kwenye ruta. Lakini haki isiyoweza kusema imevunjiwa wapi hujibiwa kwa pole. Hatumtaki mgonjwa awe daktari, lakini tunamfundisha kusema homa ilianza lini na inapanda saa ngapi. Katika shule zetu somo la kompyuta humfundisha mtoto sehemu za kompyuta na kazi zake, akariri, ajibu mtihani. Hakuna kipindi ambacho mashine mbovu inawekwa mezani na watoto wanaambiwa, bila kuizima, tafuteni imekatikia wapi.

Kuna jambo fundi alinisimulia tukinywa chai ambalo sijaacha kulifikiria. Mgodini, kabla hajagusa mtambo wowote, alikuwa anakwenda kwenye swichi yake kuu, anaizima, na kuifunga kwa kufuli lake binafsi. Juu ya kufuli hutundikwa kibao chenye jina lake. Kama mafundi ni watano, makufuli ni matano, majina matano. Hakuna wa kuwasha mpaka kila mmoja atoe la kwake kwa mkono wake. Baada ya kufunga, anapima ili kuthibitisha kwamba umeme kweli haupo. Hawi na uhakika kwa kuambiwa. Utaratibu huo uliwekwa ili watu wasife. Lakini una tunda jingine, kwamba mtu yeyote akipita na kukuta mtambo umelala, anaweza kusoma ni nani ameuzima na aende kumwuliza.

Tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilipozorota nchi nzima, tuliambiwa waziwazi sababu: nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilikuwa zimekatika kusini, upande wa bahari kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Waziri alisema, kampuni zilisema. Tuliumia, lakini tulijua kufuli liko wapi. Linganisha na tarehe 27 Oktoba 2020, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, ambapo Twitter, WhatsApp na mingine iliacha kufunguka huku kurasa nyingine zikifunguka kama kawaida. Nakumbuka watu wazima mtaani kwetu wakifuta programu kwenye simu na kuziweka upya, wakinunua bando jingine, wakigombana na watoto wao kwamba wameharibu simu. Kila nyumba ilijitafutia kosa ndani mwake.

Na mwaka jana, Jumatano ya tarehe 29 Oktoba, siku ya kupiga kura, ikaja tena, safari hii intaneti yote, kwa siku kadhaa. Binti alikuwa bado kwangu, akisubiri kwenda chuoni. Mimi nilikuwa nimeshainuka kuizima ruta, tabia ni ngozi. Akanizuia. Akatazama tarehe ya kompyuta, ikawa sawa. Akachomeka waya. Akaigongea hodi ruta, ikaitika. Akagonga nje, kimya. Akazunguka kwa majirani wenye laini za kampuni nyingine, akarudi akasema kwote ni vilevile. Akafungua daftari akaandika saa, waya, vifaa, majibu. Kisha akaniambia, "Baba mdogo, hili si la kwetu." Alipofika kwenye safu ya mhusika aliniangalia, nami sikuwa na cha kumwambia aandike. Akaiacha wazi.

Sina nia ya kufungua hapa mjadala wa uchaguzi ule. Nimeuandikia, na nitauandikia tena. Ninalosema ni dogo na linawahusu hata wale tusiokubaliana nao katika siasa. Mwenye mamlaka ya kuzima kitu ambacho mwananchi anakitumia kuuza, kusoma, kulipa na kuulizia hali ya ndugu zake, atundike jina lake kwenye swichi. Aseme nimezima mimi, kwa kifungu hiki cha sheria, tangu saa hii hadi saa ile, na malalamiko yaletwe ofisi fulani. Tunaweza kubishana naye mahakamani na magazetini. Asichoweza kufanya ni kutuacha tukiwapiga watoto wetu kwa kuharibu simu.

Hilihili tulidai pia katika mambo ya kila siku, tena ninyi watumishi wa umma mnaosoma hapa mnaweza kulianza kesho bila waraka wa mtu. Mwananchi akija dirishani na mfumo haufunguki, msimwambie mtandao unasumbua. Wekeni daftari. Mwandikieni ni kipande gani kimekatika, kompyuta ya ofisi, ruta ya ofisi, kampuni, au seva ya makao makuu, kimekatika tangu saa ngapi, ameambiwa nani. Kama siku hiyo ndiyo ya mwisho ya maombi au malipo, ukurasa wa daftari hilo uwe ushahidi wake kwamba alifika kwa wakati. Najua baadhi yenu mtaogopa, kwa kuwa mara nyingi itaonekana kipande kilichokatika ni betri ya shilingi elfu mbili tatu ambayo ofisi haijainunua tangu mwaka juzi.

Shauri langu na kampuni bado linaendelea. Walimtuma kijana mmoja aje kupima. Alikuja saa nne asubuhi, wakati ambapo kasi ni nzuri, akaandika kwamba hakuna tatizo. Nimemwomba arudi saa mbili usiku. Daftari tumefika ukurasa wa thelathini na moja.

Steshenari nako tulikwenda, mimi na fundi, kabla binti hajaondoka. Kompyuta moja kati ya tatu za yule kijana ilikuwa katika mwaka 2012, tukambadilishia betri. Nikamwomba juu ya lile daftari la nywila, akanisikiliza vizuri, akasema, "Mwalimu, nikilichana, wao wenyewe ndio watakaokuja kunililia." Tulichokubaliana ni kwamba kuanzia sasa kila mteja ajiandikie nywila yake kwenye karatasi na aondoke nayo. Binti alibadilisha ya kwake palepale. Za zamani bado zipo, ndani ya droo, na droo haina kufuli.